Kwa nini sikoseli haijaisha

Kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli, ugonjwa ambao vitabu huuita selimundu. Ni miongoni mwa idadi kubwa zaidi duniani, pamoja na za Nigeria, India na Kongo. Kabla ya kliniki na dawa za siku hizi, wengi wa watoto hao hawakufika umri wa kuanza shule. Ugonjwa huu hauletwi na mbu wala maji machafu. Mtoto anaurithi kwa baba na mama. Na aliyekufa mtoto hakuacha mtoto. Kwa hesabu ya haraka, jeni inayoua namna hiyo ilipaswa kupotea vizazi vichache tu baada ya kutokea. Haikupotea. Kuna maeneo ya mwambao wetu na ya kando ya Ziwa Viktoria ambako mtu mmoja katika kila watano anaibeba, na kwingine ni zaidi ya hapo.

Kwa nini?

Swali la namna hii, la kuuliza jambo fulani katika mwili limetoka wapi na kwa nini limebaki, halikuwa na mahali pa kusimama katika biolojia kabla ya miaka ya 1850. Wataalamu wa viumbe walikuwa wakusanyaji hodari. Walikuwa na majina ya mimea na wanyama kwa maelfu, wakiyapanga kwa utaratibu ulioanzishwa na Carl Linnaeus wa Sweden katika karne ya 18. Waliona wazi kwamba mkono wa mtu, bawa la popo na pezi la nyangumi vina mifupa ile ile iliyofuatana vile vile. Walichokosa ni sababu moja inayoweza kuyaeleza hayo yote, tena sababu ambayo mtu anaweza kwenda kuipima.

Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, Waingereza wawili waliofikia wazo moja kila mmoja kwa njia yake, ndio walioitoa. Maandishi yao yalisomwa pamoja London tarehe 1 Julai 1858, na mwaka uliofuata Darwin akachapisha kitabu chake kikubwa. Wallace alikuwa kwenye visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki wazo lilipomjia, akiwa amelazwa na homa za vipindi, na kwa habari itakayofika kwenye malaria jambo hilo halipitiki bila kutajwa.

Wazo lenyewe ni jepesi kulisema. Viumbe wa aina moja hawafanani kabisa. Baadhi ya tofauti zao hurithiwa. Wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoishi hadi nao wazae. Basi tofauti yoyote ya kurithi inayomsaidia mwenye nayo kuacha wazao zaidi kidogo kuliko wenzake, mahali alipo na wakati alipo, itazidi kuonekana kizazi baada ya kizazi, na inayomkwamisha itapungua. Huo ndio uteuzi asilia. Hakuna anayeteua. Kuna kuzaliwa, kuzaa na kufa, na hesabu inayotokana na hayo.

Maneno "mahali alipo na wakati alipo" ndiyo yanayosahaulika zaidi. Wengi wetu tuliondoka shuleni tukiamini kwamba nadharia hii inasema wenye nguvu hubaki na wanyonge hufa. Nguvu haimo humo. Kinachohesabiwa ni wazao, na sifa inayoongeza wazao Kilwa inaweza kuwa mzigo mtupu Nairobi. Sikoseli itatuonyesha hilo kwa namba.

Nadharia ilikuwa na tundu, hata hivyo, na Darwin alilijua. Hakuelewa urithi unavyofanya kazi. Wengi wa zama zake walidhani sifa za baba na mama huchanganyika ndani ya mtoto kama maziwa ndani ya chai. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin alionyesha shida iliyomo: kama sifa mpya yenye manufaa inazimuliwa kwa nusu kila kizazi, itakuwa imeshapotea kabla uteuzi haujaifanyia lolote. Pingamizi hilo lilikuwa zito. Jibu lake lilikuwa limechapishwa mwaka mmoja kabla, na Gregor Mendel, mtawa aliyekuwa akipanda njegere kwenye bustani ya monasteri huko Brno, lakini halikusikika hadi mwaka 1900. Mendel alionyesha kwamba urithi huja kwa vipande visivyoyeyuka, vile tunavyoviita jeni leo. Kipande kinaweza kujificha ndani ya mtoto na kuibuka kizima ndani ya mjukuu.

Kisha, katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, Ronald Fisher na J.B.S. Haldane wa Uingereza na Sewall Wright wa Marekani wakamuunganisha Darwin na Mendel kwa hisabati. Waliweza kukokotoa jeni yenye faida ndogo itaenea kwa kasi gani, na yenye madhara itachukua vizazi vingapi kutoweka. Biolojia sasa ilikuwa na kanuni kama fizikia. Ilichokuwa haina bado ni mfano wa binadamu uliopimwa barabara: jeni moja inayojulikana, adui mmoja anayejulikana, na watu wanaohesabika. Mfano huo ulipatikana Afrika Mashariki.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya, katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa anasomea udaktari Oxford, alirudi na msafara wa chuo chake uliokuwa unakwenda Mlima Kenya. Wenzake walitafuta mimea na wadudu, yeye akatafuta damu. Alichukua sampuli kwa jamii mbalimbali za nchi ili kulinganisha makundi ya damu, na akapima pia sikoseli. Matokeo yalimshangaza. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni hiyo. Kwenye nyanda za juu zilizo katikati, hata mmoja katika 100 alikuwa haba.

Ukoo na lugha havikueleza tofauti hiyo. Wajaluo wa ziwani na Wamijikenda wa pwani wana lugha za asili mbalimbali kabisa, na bado walikaribiana katika jeni hii. Wakikuyu wana lugha ya Kibantu kama Wamijikenda, na bado walikuwa mbali nao. Kilichokwenda sambamba na jeni kilikuwa mwinuko wa ardhi, na kilichokwenda sambamba na mwinuko kilikuwa mbu. Allison akajiuliza kama jeni inayoua kwa sikoseli inaweza kuwa inaokoa kwa malaria.

Alimaliza masomo kwanza, kisha akarudi mwaka 1953 kulipima wazo lake. Karibu na Kampala alipima damu ya watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 waliobeba jeni ya sikoseli, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, wenye vimelea walikuwa 113. Ni asilimia 28 kwa 46. Alifanya pia jaribio ambalo kamati ya maadili ya leo ingelihoji sana: watu wazima 30 wa Kijaluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Wasio na jeni walikuwa 15, na 14 kati yao wakaonekana na vimelea. Wenye jeni walikuwa 15, wakaonekana navyo wawili.

Jaribio hilo la watu wazima ndilo hutajwa sana. Mimi naona uzito uko kwa watoto. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria ameshajenga kinga kwa kuugua mara nyingi, na kinga hiyo huvuruga vipimo. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo. Yeye ndiye ambaye malaria huweza kumuua kwa siku mbili, na kwa hiyo ni katika umri wake uteuzi asilia unafanya kazi yake. Allison alichapisha matokeo mwaka 1954, wengi wakayatilia shaka kwa miaka kadhaa. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Kilifi, zimeyathibitisha kwa namba kubwa zaidi: kubeba nakala moja ya jeni ya sikoseli kunapunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Chanjo za malaria tulizo nazo hazijafika hapo.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu ni kwenye hesabu nadharia hii huonyesha makali yake.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya damu, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya kawaida huitwa A, ya sikoseli S. Mwenye AA hana sikoseli wala kinga hiyo. Mwenye AS kwa kawaida haugui sikoseli, na amekingwa na malaria kali. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Wazazi wawili wa AS, ambao huenda hawajui kabisa wanachobeba, katika kila mimba wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto wa SS.

Chukua kijiji cha zamani chenye malaria nyingi, ambako nakala moja katika kila kumi ni S. Wakizaliwa watoto 1,000, kwa kanuni za Mendel 810 watakuwa AA, 180 watakuwa AS na 10 watakuwa SS. Tuseme wale 10 wa SS wote wanakufa. Tuseme pia malaria inaua mmoja katika kila tisa wa AA, yaani watoto 90, na haimgusi mwenye AS. Wanaobaki ni 720 wa AA na 180 wa AS. Ni watu 900, wenye nakala 1,800 za jeni hiyo. Nakala za S kati yao ni 180.

Moja katika kila kumi, vile vile kama mwanzo.

Watoto mia moja wamezikwa na jeni haikusogea. Sikoseli iliondoa nakala 20 za S, malaria ikaondoa nakala 180 za A, na kwa kuwa tangu mwanzo A zilikuwa mara tisa ya S, uwiano umebaki pale pale. Kizazi kijacho kitaanza na namba zile zile na kuzika watoto wale wale. Malaria ikizidi, S itapanda hadi vifo vya SS navyo viongezeke na kuisimamisha juu zaidi. Huko Bundibugyo nchini Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, watafiti wa miaka ya 1940 walikuta zaidi ya watu wanne katika kila kumi wa jamii ya Baamba wanaibeba. Malaria ikipungua, S itashuka. Kiasi cha S katika damu ya watu wa mahali fulani, kwa hiyo, ni kumbukumbu ya watoto waliouawa na malaria hapo kwa karne nyingi. Sijui namba nyingine katika biolojia inayonigusa kama hiyo.

Hesabu hii inaondoa pia dhana mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kwamba mwili "ulijitengenezea" sikoseli ili kupambana na malaria. Hapana. S ilitokea kwa kosa la kunakili DNA, herufi moja iliyobadilishwa na nyingine, na makosa ya aina hiyo hutokea bila kujali kama yatamfaa mtu au yatamdhuru. Malaria haikuileta; iliikuta. Dhana ya pili ni kwamba uteuzi asilia huelekea kwenye ukamilifu. Hapa umetoa suluhisho la kikatili, ambalo kinga ya mtoto mmoja inalipiwa na maumivu ya mwingine, na ukabaki nalo kwa sababu ndilo lililokuwepo.

Kosa lenyewe lilijulikana hatua kwa hatua. Mwaka 1949, mwaka ule ule wa msafara wa Allison, Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa sikoseli ni tofauti kikemia na ya watu wengine. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuhusishwa na molekuli moja iliyoharibika. Miaka michache baadaye Vernon Ingram wa Cambridge akaonyesha mahali penyewe: katika mnyororo wa asidi amino 146, vipande vinavyounda protini, ya sita ndiyo iliyobadilika. Badiliko hilo moja linatosha kuzifanya hemoglobini zishikamane na kuwa nyuzi ndefu oksijeni inapopungua, seli nyekundu ikajikunja mfano wa mundu, na mishipa midogo ikaziba. Mwaka 1958 mwanaanthropolojia Frank Livingstone akaongeza upande mwingine, kwamba wakulima wa Afrika Magharibi walipofyeka misitu waliacha madimbwi yenye jua, mahali mbu wa malaria wanapopenda kuzaliana. Jembe, kwa maneno mengine, lilibadilisha damu ya mkulima.

Ona walivyokusanyika hapa: mkemia, daktari, mwanahisabati, mtaalamu wa mbu, msomi wa historia ya kilimo. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na chumba chake na hakuhitaji kubisha hodi kwa jirani. Uteuzi asilia uliwapa swali moja ambalo hakuna aliyeweza kulijibu peke yake, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa zaidi ambalo nadharia hii iliifanyia biolojia. Mwaka 1973 Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wajenzi wa biolojia ya karne iliyopita, aliandika kwamba hakuna kitu katika biolojia kinachoeleweka pasipo mwanga wa mageuko, yaani kubadilika kwa viumbe kizazi baada ya kizazi. Alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi, na katika maandishi hayo hayo alisema imani yake na sayansi yake havigombani. Nawatajia hilo wasomaji ambao huiacha nadharia hii mlangoni kwa hofu ya dini.

Swali likishaulizwa vizuri, ramani ya dunia nayo inaanza kusomeka. Marekani kwa muda mrefu sikoseli ilichukuliwa kuwa ugonjwa wa watu weusi. Lakini S iko pia Ugiriki, kusini mwa Italia, mashariki mwa Saudi Arabia na kwa jamii kadhaa za India, na nchi zote hizo zilikuwa na malaria. Wenyeji wa miinuko yenye baridi ya Kenya ni weusi na karibu hawana. Oman inavutia zaidi: wataalamu wakichunguza vipande vya DNA vinavyoizunguka S, wanakuta huko muundo wa Kibantu, muundo wa Afrika Magharibi na muundo wa Arabuni na India, yote katika nchi moja. Historia ya majahazi, ndoa na utumwa wa Bahari ya Hindi imeandikwa humo. Kwingine malaria iliteua makosa mengine, kama thalasemia za nchi za Mediterania, magonjwa mengine ya kurithi ya hemoglobini, ambazo Haldane alizihisi kuwa kinga dhidi ya malaria mwaka huo huo wa 1949.

Kimelea nacho kina wazao wake, na kinateuliwa. Klorokwini ilikuwa dawa ya kila duka hadi vimelea sugu vilipoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Dawa haikuvifundisha usugu. Iliua visivyo sugu na kuviachia vilivyobaki uwanja mzima. Malawi iliacha kuitumia mwaka 1993, na zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti wakakuta klorokwini inaponya tena watoto karibu wote. Bila dawa mwilini mwa watu, usugu ulikuwa mzigo kwa kimelea, na vimelea vya kawaida vikavishinda vile sugu kwa kuzaa. Ni hesabu ile ile ya Kilwa na Nairobi. Leo tunategemea dawa mseto zenye artemisinini, na vimelea vyenye mabadiliko yanayopunguza nguvu ya artemisinini vimeshaonekana Rwanda, Uganda na Kagera. Kumaliza dozi, na kutomeza dawa ya malaria kabla ya kupima, ni namna ya kuingilia uteuzi huo kwa upande wetu.

Kimelea kimeanza kuijibu hata S yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia sampuli za watoto wa Kenya na Gambia waliougua malaria kali, ulikuta aina za vimelea zenye mabadiliko fulani ya jeni ambazo huwapata watoto wa AS licha ya kinga yao. Mabadiliko hayo yanaonekana zaidi mahali ambapo S nayo ni nyingi. Mtu na kimelea wanateuana.

Matibabu mapya yalitoka kwenye utofauti wa asili ule ule. Madaktari waliona kwamba baadhi ya wagonjwa, hasa mashariki mwa Saudi Arabia na India, huugua kwa wepesi kwa sababu hemoglobini yao ya utotoni, ile ya tumboni mwa mama, haikuzimika kabisa. Dawa ya haidroksiyurea huipandisha hemoglobini hiyo. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 huiwasha upya, lakini gharama yake haigusiki na familia ya kawaida ya Mwanza au Kisumu. Haidroksiyurea ni ya bei nafuu kwa kulinganisha, na ndiyo inayopaswa kumfikia kila mtoto kwanza.

Linabaki swali ambalo Unguja na Pemba zimelifikia mapema kuliko kwingine. Malaria imeshuka sana huko tangu katikati ya miaka ya 2000. Je, sikoseli itaisha malaria ikiisha? Rudi kwenye kile kijiji na uondoe malaria yote. Hata kama watoto wa SS wangeendelea kufa wote, jambo ambalo hakuna anayelitaka, nakala za S zingeshuka kutoka moja katika kila 10 hadi moja katika kila 11 kizazi kinachofuata, kisha 12, kisha 13. Kufika moja katika kila 20 kungechukua vizazi kumi, kama miaka 250, na hata wakati huo watoto wawili au watatu katika kila 1,000 wangezaliwa na SS. Watoto hao wakitibiwa, wakaishi na kuzaa, kushuka kutakuwa kwa taratibu zaidi. Kwa hiyo mahali malaria inapopungua, wodi ya wazazi bado inahitaji kupima sikoseli kila mtoto anayezaliwa, wiki ile ile, kabla homa ya kwanza au maumivu ya kwanza hayajamkuta nyumbani.